Msaada: kupima usalama wa makopo ya plastiki ya achari, niombe kipimo gani maabara?

AchariTabata

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwa wanaojua vifungashio.

Bidhaa ni achari ya embe: embe mbichi, siki, chumvi, pilipili, na mafuta ya alizeti yanayoelea juu kama sentimita moja. Inapikwa, inajazwa ikiwa na nyuzi 85, inafungwa na kuingizwa kwenye boksi. Kopo ni la ml 250 na achari inatakiwa ikae rafuni miezi tisa. Supamaketi wanataka ripoti ya maabara ya kopo lenyewe, siyo ya achari. Muuzaji wa makopo pale Kariakoo ametoa karatasi moja tu inayosema resini, yaani plastiki ghafi, ni ya daraja la chakula.

Vyombo ninavyochagulia ni vitatu: kopo angavu la PET (plastiki kama ya chupa za maji), kopo jeupe la PP (polipropilini) lenye mfuniko wa plastiki, na chupa ya kioo yenye mfuniko wa bati wa kuzungusha. Maabara wananiuliza, "Unataka kipimo gani?" Ndipo nilipokwama. Je, kile cheti cha resini hakitoshi? Na kuna kitu naweza kukagua mwenyewe kabla sijalipa hela ya maabara?

---

KijanaWaManzese

Mkuu usijisumbue, geuza kopo uangalie pembetatu yenye namba kitakoni. Ikiwa 5 au 2 piga kazi, ikiwa 3 au 6 achana nayo. Mengine ni kupigwa hela tu.

---

MkemiaUbungo

Hiyo namba ya ndani ya pembetatu iliwekwa kuwasaidia wachambuaji wa taka wajue plastiki ipi iende wapi. Namba 5 inasema hii ni polipropilini, basi. Haisemi imetiwa rangi gani, imechanganywa na mabaki yaliyosagwa kiasi gani, wala ilikuwa chombo cha nini kabla ya kuyeyushwa upya. Ndoo nyingi za rangi za ukutani nazo zina 5.

Kwako AchariTabata. Maabara wanakuuliza hivyo kwa sababu hakuna kipimo kinachoitwa "usalama wa plastiki". Kinachopimwa ni uhamaji, yaani kemikali kiasi gani zinatoka kwenye plastiki na kuingia kwenye chakula cha aina fulani, kwa joto fulani, kwa muda fulani. Badilisha kimojawapo na jibu linabadilika. Kopo lilelile linaweza kufaulu kwa maji ya kunywa na kufeli kwa pilipili ya mafuta. Ndiyo maana cheti cha resini hakitoshi: kinazungumzia chenga zilipotoka kiwandani, kabla hazijatiwa rangi, hazijachanganywa, na hazijachomwa kwenye mashine.

Chakula chenyewe ni vigumu kukipima kwa kuwa kina mafuta, sukari na rangi zake, hivyo maabara hutumia kimiminika kinachokiiga, kinaitwa simulanti. Kanuni inayofuatwa sana ni ya Umoja wa Ulaya namba 10/2011, ambayo imezipa simulanti herufi: A ni ethanoli asilimia 10, B ni asidi ya asetiki asilimia 3, C ni ethanoli asilimia 20, D1 ni ethanoli asilimia 50, D2 ni mafuta ya mimea, na E ni unga maalumu wa vyakula vikavu kama nafaka. Achari yako ina siki, kwa hiyo B ni lazima. Ina mafuta yanayoelea, kwa hiyo D2 nayo ni lazima. Wengi huomba B peke yake kwa kuwa ni rahisi, wanapata ripoti safi ambayo haihusiani na yale mafuta ya juu.

Kipimo cha kwanza kuomba ni jumla ya uhamaji. Kikomo ni mg 10 kwa kila desimita moja ya mraba ya plastiki inayogusa chakula. Kwa bidhaa ya kukaa rafuni muda mrefu katika joto la kawaida, hali ya kipimo huitwa OM2: siku 10 kwa nyuzi 40. Hali hiyo inabeba pia kujaza ikiwa moto, ila kwa masharti. Dakika zinazoruhusiwa juu ya nyuzi 70 ni 120 kugawa kwa 2 iliyopandishwa kipeo cha (joto kutoa 70, kugawa kwa 10). Kwa nyuzi 85 unapata kama dakika 42, kwa nyuzi 100 dakika 15. Sasa angalia ulivyoandika: unafunga, unaingiza kwenye boksi. Makopo yaliyobanana ndani ya boksi la karatasi hukaa na joto kwa saa nyingi, hasa lile la katikati. Ukifanya hivyo, ripoti ya OM2 haikuwakilishi tena. Pitisha makopo kwenye maji baridi mpaka yashuke chini ya nyuzi 40, yafute, ndipo uyapange. Ni kazi ya beseni mbili na bomba.

Ndani ya maabara mambo huenda hivi kwa simulanti B. Makopo matatu, na chombo kisafi cha kioo kikiwa kipimo tupu cha kulinganishia. Simulanti inapashwa kwanza mpaka joto la kipimo, kopo linajazwa hadi nusu sentimita chini ya mdomo, linafunikwa, linaingia oveni. Baada ya siku 10 kimiminika kinamiminwa kwenye kibakuli kilichokwisha kupimwa uzito, kinavukizwa, kinamaliziwa kukaushwa kwa nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito uache kubadilika, kinapoa kwenye desiketa (chombo kinachozuia unyevu), kinapimwa kwa mizani inayosoma mg 0.1. Masalia ndiyo yaliyotoka kwenye plastiki. Chukua kopo lenye kipenyo cha sm 6.5 na kimo cha kujaza sm 8: eneo la ndani ni kama dm² 1.96. Masalia yakiwa mg 12.4 na kipimo tupu kikatoa mg 0.6, tofauti ni mg 11.8, gawa kwa 1.96 upate mg 6.0 kwa dm². Limefaulu.

Mafuta ni balaa lingine, kwa sababu hayavukizwi. Hapo kipande kinapimwa uzito kabla na baada ya kulowekwa, halafu mafuta yaliyonyonywa na plastiki yanatolewa kwa kiyeyushi na kupimwa kwa gesi kromatografia, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali. Ni kipimo kirefu na cha gharama. Kwa hiyo maabara nyingi hutumia mbadala: ethanoli asilimia 95 kwa siku 10 nyuzi 40, au kiyeyushi kiitwacho aisooktani kwa siku 2 nyuzi 20. Kuwa makini hapa. Aisooktani huifumua PP na PE kuliko mafuta ya alizeti yanavyoweza, inang'oa vipande vifupi vya polima, na kopo zuri linaweza kuonekana limefeli. Ikitokea hivyo usitupe makopo, omba kipimo kirudiwe kwa mafuta yenyewe.

Kitu cha mwisho ambacho watu hawakijui: kwa kuwa kimiminika kinavukizwa, kila kemikali inayoruka na mvuke inapotea pamoja nacho. Jumla ya uhamaji inaweza kuwa mg 2 na bado kukawa na tatizo. Ndiyo sababu kuna kipimo cha pili, uhamaji wa kemikali mahususi. Kwa PET unaomba asetaldehaidi (kikomo mg 6 kwa kilo ya chakula) na antimoni (mg 0.04 kwa kilo). Kwa PP yenye rangi unaomba metali na amini za aromatiki. Na kwa bidhaa inayozidi miezi sita rafuni, hali ya kipimo hiki cha pili ni siku 10 kwa nyuzi 60, siyo 40. Maabara ikikuandikia 40 kwa vyote viwili, uliza kwa nini.

---

FundiMoldi

MkemiaUbungo amemaliza upande wa maabara. Mimi niongeze upande wa plastiki yenyewe, maana hilo kopo la PET haliwezi hata kufika maabara.

PET ya kawaida huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hadi 75. Mimina achari ya nyuzi 85 na kopo litasinyaa, kitako kitabinuka, na uzi wa mdomo utapinda kiasi kwamba mfuniko unaonekana umefunga kumbe unavuta hewa. Zipo PET zilizotibiwa joto kwa ajili ya kujaza moto, lakini makopo angavu mepesi yanayouzwa kwa dazeni mjini kwa kawaida siyo hayo. Kama unang'ang'ania PET kwa sababu ya mwonekano, badilisha mchakato: poza achari hadi nyuzi 50, na hapo lazima asidi ndiyo ilinde chakula, siyo joto. Pima pH, yaani ukali wa asidi, iwe chini ya 4.

PP inayeyuka karibu na nyuzi 160, kwa hiyo 85 haiisumbui. Kasoro yake ni oksijeni. PP hupitisha oksijeni kwa wingi kuliko PET, na kwa miezi tisa mafuta ya alizeti yataanza kunuka ukale hata kama ripoti ya uhamaji ni safi kabisa. Maabara itakwambia kopo ni salama, mteja atarudisha kopo. Ukienda na PP, punguza muda wa rafuni uwe miezi minne au mitano, jaza mpaka karibu na mdomo, na weka foili ya kubandika kwa joto chini ya mfuniko.

Halafu hilo neno "jeupe". Weupe wa makopo ya bei nafuu mara nyingi hautoki kwenye rangi nyeupe ya titani dioksidi peke yake, bali pia kwenye unga wa chokaa, kalsiamu kaboneti, kwa sababu ni rahisi kuliko resini. Kwa chakula kikavu hakuna neno. Kwa achari ndipo kazi ilipo: asidi inaila chokaa, inatengeneza kalsiamu asetati, na hiyo haivukizwi. Inabaki kwenye kibakuli cha maabara kama masalia, na kopo linazidi kikomo cha mg 10 kwa urahisi, yaani linafeli. Mtu akikuambia kopo lake lilifaulu kwa maji na mafuta likaanguka kwa siki, sababu ya kwanza kuitazama ni hiyo.

Kuna njia ya kulikagua hili nyumbani. Kata kipande chenye ukubwa wa kucha kutoka kitakoni, kipanguse, kizamishe kwenye maji yenye tone la sabuni ili mapovu yasikishikilie. PP na HDPE (plastiki ngumu kama ya madumu) safi huelea. PP ikizama, imejazwa unga, kiasi cha asilimia 15 ya uzito au zaidi. PET, PVC na polistairini huzama hata zikiwa safi. Ukitia chumvi kwenye maji mpaka isiyeyuke tena, polistairini inaelea na hizo mbili zinabaki chini. Hii haithibitishi usalama. Inakuonyesha tu kama umeuziwa kitu ulichoambiwa.

Rangi nyeusi na zile za kijani-kahawia zilizokoza kwa chakula sichukui kabisa. Nyeusi ndiyo rangi pekee inayoficha kila kilichosagwa, pamoja na maganda ya vifaa vya umeme yenye kemikali za kuzuia moto.

---

AchariTabata

Asanteni sana wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Kwa maelezo ya FundiMoldi PET inatoka. Sasa, si bora niende kwenye kioo moja kwa moja, habari ya uhamaji iishe?

---

Bi_Vifungashio

Haiishi ndugu yangu. Geuza huo mfuniko wa bati uangalie ndani. Ile raba laini inayozunguka ukingoni ni plastiki, mara nyingi PVC, na PVC haiwi laini bila kutiwa mafuta ya kulainisha, ambayo yanaweza kufika theluthi ya uzito wa raba. Mafuta hayo yanapenda mafuta mwenzake. Huko Ulaya tatizo kubwa la vyakula vya mafuta kwenye chupa za kioo lilikuwa hilohilo: kilainishi kiitwacho ESBO, mafuta ya soya yaliyofanyiwa epoksidi, kuzidi kikomo chake cha mg 60 kwa kilo. Na hicho ndicho cha afadhali. Mifuniko ya rahisi huwekewa vilainishi viitwavyo fthaleti, na DEHP, ambayo ni mojawapo, ikionekana kwenye achari utakuwa umepata kesi kubwa kuliko ya kopo.

Achari ya mafuta yanayoelea ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mfuniko, kwa sababu kila chupa inapolazwa au kutikiswa kwenye daladala au lori, mafuta yanaoga raba. Fanya mambo mawili. Kwanza, mwombe muuzaji mifuniko ya raba isiyo na PVC, ipo, na umdai aandike hivyo kwenye tamko lake. Pili, maabara wapime mfuniko uliofungwa kwenye chupa, chupa ikiwa imelala au imepinduliwa, siyo mfuniko pekee ukiwa umelowekwa pande zote. Ukilowekwa wote, ukingo uliokatwa na rangi ya nje vinachangia na jibu linakuwa si lako.

Kujua kama raba ni PVC: pasha waya wa shaba kwenye moto wa gesi mpaka mwali usiwe na rangi, gusisha waya wa moto kwenye raba ushike kidogo, rudisha motoni. Mwali ukiwa kijani ujue kuna klorini. Fanya nje, kipande kidogo tu, huo moshi si wa kuvuta.

Vingine vya kukagua kabla ya kulipa maabara:

Rangi. Chovya pamba nyeupe kwenye mafuta ya alizeti, nyingine kwenye siki, sugua ndani ya kopo na sehemu yenye maandishi kwa nguvu. Pamba ikipata rangi, simama hapo hapo. Kwa mifuko iliyochapishwa na kuviringishwa, sugua upande wa ndani pia, maana wino wa nje unaweza kuwa umejigonga ndani wakati wa kuviringishwa.

Harufu na ladha. Jaza kopo maji ya kunywa yaliyopashwa nyuzi 60, funga, acha saa 24. Fanya vilevile kwenye chupa ya kioo iliyofunikwa foili. Siku ya pili mpe kila mwonjaji vikombe vitatu, viwili vya aina moja na kimoja tofauti, bila kumwambia, atafute kilicho tofauti. Kwa watu 12, wakipata sawa 8 au zaidi, tofauti ni ya kweli; kwa watu 6 inatakiwa 5. Chini ya hapo ni kubahatisha. Kopo linalopitisha ladha kwenye maji halina haja ya kwenda maabara.

Mfuniko. Jaza maji ya moto, funga, laza juu ya karatasi ya chooni usiku mzima; karatasi ikilowa, mfuniko unavuja. Rahisi hivyo.

---

KijanaWaManzese

Kwa hiyo hii chips mayai tunayofungiwa kwenye nailoni ikiwa inachemka, tusemeje?

---

FundiMoldi

Mkuu, mifuko ile ni PE nyembamba. Aina laini ya LDPE huyeyuka karibu na nyuzi 105 hadi 115 na inalegea mapema zaidi, na mafuta ya karai yana nyuzi 170 au zaidi. Chips zikimwagwa moja kwa moja kutoka kwenye karai, mfuko unashika alama, wakati mwingine unatoboka. Hiyo ni hali ambayo mfuko huo haukutengenezewa, wala hakuna ripoti inayoifunika. Zichujwe, zikae kwenye sahani au karatasi nyeupe dakika chache. Na karatasi iwe nyeupe, gazeti lina wino.

---

MkemiaUbungo

Narudi kwa muuliza swali ili aweze kwenda kesho.

Hapa Dar milango ni TBS (Shirika la Viwango) pale Ubungo na Mkemia Mkuu wa Serikali barabara ya Barack Obama. Masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa), kwa hiyo mtu akikuelekeza TFDA anakupoteza. Ukiwa mjasiriamali mdogo pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza upate barua ya utambulisho. Maabara yoyote utakayochagua, ya serikali au binafsi, uliza ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha umahiri wa maabara), na usiishie kwenye cheti cha ukutani: omba jedwali la wigo uone kama uhamaji kwenye plastiki umo. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya kupima maji na saruji na isiwe nayo kwa hiki. Zilizothibitishwa na SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC, wigo wake unasomeka kwenye tovuti yao.

Peleka makopo 30 yenye mifuniko, ya bechi moja, yasiyooshwa wala kubandikwa lebo. Yafunge kwenye foili, siyo kwenye mfuko wa plastiki mwingine. Usiandike namba kwa kalamu ya wino juu ya kopo, kiyeyushi cha ule wino kinapenya na kitaonekana kwenye kipimo. Andika kwenye foili.

Kwenye barua ya maombi weka haya, karibu neno kwa neno: "Kopo la PP nyeupe ml 250 pamoja na mfuniko. Chakula: achari yenye siki, pH (iandike), yenye mafuta huru juu. Kujazwa kwa nyuzi 85, kupozwa chini ya nyuzi 70 ndani ya dakika 40, kuhifadhiwa joto la kawaida miezi (andika). Naomba jumla ya uhamaji kwa simulanti B na D2, hali OM2, na uhamaji mahususi wa metali na amini za aromatiki kwa simulanti B, siku 10 nyuzi 60. Mbadala wa D2 ukitumika, utajwe kwenye ripoti." Ukichagua kioo, ondoa kopo, andika mfuniko, na badala ya metali na amini kwa simulanti B omba ESBO na fthaleti kwa simulanti D2.

Ripoti ikirudi, tazama kama kuna picha au maelezo ya sampuli, eneo lililotumika kwenye hesabu, matokeo ya kila kopo kati ya matatu na siyo wastani peke yake, na namba ya bechi. Namba ya bechi uilinganishe na ile iliyo kwenye risiti ya Kariakoo, kwa sababu muuzaji akibadilisha kiwanda au rangi, ile ripoti ni ya kopo lingine.